Jiwe Lililolia Siku ya Sabato

Nilimkana mama yangu saa sita mchana, siku ya Jumatano, mbele ya wageni watatu na jiwe moja kubwa. Sikuwa nimelewa, sikuwa nimetishwa, wala hakuna aliyenishikia panga. Niliulizwa swali la kawaida, swali la adabu, nami nikajibu uongo kwa sauti laini kabisa. Nimejaribu mara nyingi kusimulia jambo hili kwa namna ya kunipunguzia aibu, na kila mara najikuta nimeacha nje kitu muhimu. Leo nasema lote. Majina tu ndiyo sitataja, kwa sababu jina la mama ndilo langu pia, na jina hilo limeingia ndani ya kisa hiki kuliko ninavyopenda.

Kwetu ni upande wa Nyamarambe, si mbali na machimbo ya lile jiwe laini la Kisii ambalo wengine huliita jiwe la sabuni. Wanaume hulichimba na kulichonga. Wanawake hupiga msasa. Mama amepiga msasa tangu kabla sijazaliwa: anakaa kwenye kigoda, beseni la maji katikati ya miguu, anamsugua kiboko wa jiwe, anamchovya majini, anamsugua tena mpaka ang'ae. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na beseni hilo ndilo lililonipeleka sekondari na chuo kikuu. Vidole vya mama vimelika mpaka havina alama. Alipoenda kujiandikisha kupiga kura, mashine ya kusoma vidole ilimkataa mara tatu, na karani akamwambia akanawe mikono vizuri. Mama alirudi nyumbani akicheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Niliona haya kwa niaba yake, nikajidanganya kwamba ile ni huruma.

Nafundisha fizikia katika shule moja ya Sironga. Mwaka ule nilikuwa pia nasomea shahada ya uzamili, na msimamizi wangu chuoni alikuwa profesa mmoja mwanamke, mkali, si wa kwetu, ambaye Ekegusii chake, lugha yetu, kiliishia kwenye salamu. Alinipa mada ambayo ndugu zangu waliposikia walidhani nimerukwa na akili: kusikiliza chembe zinazotoka anga za mbali, kwa kutumia sauti ndani ya vitu vigumu.

Nitaeleza kwa kifupi. Kuna chembe ndogo zisizoonekana zinazofika duniani kutoka mbali mno, na chache kati yao huja na nguvu ya kutisha. Chembe ya namna hiyo ikipenya ndani ya barafu, chumvi au mwamba na kugonga kitu humo, huacha njia nyembamba ya joto. Sehemu hiyo hupata moto ghafla na kutanuka, na kutanuka huko hutoa mlio mfupi, mdogo, usiosikika kwa sikio. Ukibandika vihisio kwenye mwamba, kwa hesabu, unaweza kuusikia. Kwa hesabu, nasema, kwa sababu chembe hizo ni adimu sana, na wanaozitafuta hufikiria milima mizima ya chumvi na barafu ya kina kirefu. Mtu hatarajii kuzinasa kwa jiwe moja kwenye banda la ng'ombe.

Nami sikutumwa kuzinasa. Kazi yangu ilikuwa ndogo na ya maana: kupima sauti inasafiri vipi ndani ya jiwe la Kisii, na jiwe lenyewe lina kelele kiasi gani likiwa limetulia. Kelele za jiwe lenyewe. Msimamizi wangu alizisisitiza mara mbili, nami niliandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Jiwe nililopata lilikuwa refu kunishinda na zito mno kusafirishwa hadi chuoni. Wanaume wanane walilivingirisha juu ya magogo ya mkaratusi kutoka barabarani mpaka kwenye banda la zamani la ng'ombe nyuma ya jikoni kwa mama, lenye sakafu ya udongo na paa la mabati. Nikabandika vihisio sita vya ukubwa wa kifungo cha shati, nikavuta nyaya hadi kwenye kinasa data kilichotumia umeme wa jua. Mama alisimama mlangoni akitazama, mikono nyuma.

"Magokoro," aliniita, "hili jiwe unataka likuambie nini?"

Magokoro kwetu ni nyanya, yaani bibi. Nimerithi jina la nyanya, na tangu nikiwa mgongoni mama hakuwahi kuniita vingine. Nilimjibu kwa Ekegusii kwamba nasikiliza vitu vinavyotoka juu mbinguni. Alifikiri kidogo, akaingia, akaligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio.

"Limetoka shimoni juzi," alisema. "Bado lina maji ndani. Litafutie magunia, ulilowanishe."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia, kwa ule utu uzima wa mtu mwenye cheti, kwamba hii si kazi ya vinyago, kwamba hapa kila kitu kinapimwa, na kwamba asiliguse jiwe hata kwa kidole kimoja. Nilichukua chaki nikachora mstari kwenye udongo kulizunguka. Alitazama ule mstari, akanitazama mimi. "Sawa, magokoro," akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Siku za kazi nilikuwa Sironga. Nilifika nyumbani kila Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili alfajiri. Wiki ya kwanza kinasa data hakikuwa na lolote ila fujo: nyundo za wachongaji wa jirani, kuku, redio, mvua ya alasiri ikipiga mabati. Wiki ya pili vivyo hivyo. Kisha nikatazama faili za Jumamosi.

Sisi ni Wasabato, na kijiji chetu karibu chote ni Wasabato. Jumamosi nyundo hulala, msasa hulala, hata redio hunong'ona. Na humo, katika ule utulivu, kuanzia kama saa sita mchana, kulikuwa na milio. Mifupi, misafi, mmoja baada ya mwingine, ikiendelea hadi asubuhi ya Jumapili. Nilitoka nje, nikarudi, nikazifungua faili tena. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo tena. Na iliyofuata. Jumatatu hakuna kitu, Jumanne hakuna kitu, Sabato milio.

Nilijieleza haraka. Milio ipo kila siku, nikasema, ila siku nyingine inamezwa na nyundo. Maelezo mazuri, na yalikuwa na tundu ambalo nililiona wazi. Kulikuwa na Jumatano moja ambapo jirani alizikwa na kijiji kizima hakikugonga nyundo kutwa nzima. Palikuwa kimya kama Sabato. Faili ya siku hiyo haikuwa na mlio hata mmoja. Niliitazama faili hiyo kwa muda mrefu, nikaiweka kando, kwenye folda nyingine, nikaipa jina la "majaribio". Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na ulinisaidia kuuzoea wa pili.

Najua nilichokuwa nakitafuta. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, mwalimu wa shule ya kata, na nilitaka kuitwa mbali. Hesabu nilizijua. Nilijua jiwe la ukubwa ule lingehitaji kungoja karne na karne. Lakini mtu akitaka kitu sana, hesabu huzisoma kwa jicho moja.

Kwenye semina chuoni niliwasilisha michoro yangu, nikatumia maneno ya tahadhari, "huenda", "pengine", "inastahili kuchunguzwa", lakini sauti yangu haikuwa na tahadhari yoyote. Mhadhiri mmoja aliinua mkono. "Kwa hivyo mbingu nazo zinatunza Sabato?" Watu wakaangua kicheko. Nilicheka nao, nikaeleza habari za nyundo. Msimamizi wangu hakucheka. Aliuliza jiwe linakaa wapi. Nilisema liko katika chumba maalum, chenye mhudumu. Sijui neno "mhudumu" lilitoka wapi. Lilinitoka tu, nami nikaliacha likae. Akasema watakuja kuona, yeye na wahadhiri wawili, mmojawapo yule aliyetania habari za Sabato.

Niliomba ruhusa shuleni, nikafika nyumbani Jumanne. Nilifagia banda, nikatundika pazia mlangoni, nikamwomba mama kesho yake avae ile nguo yake ya kanisani, ya buluu. Alisema atavaa akishamaliza oda ya vibakuli, kwamba wageni wanakuja saa nane na kuna muda. Wageni walifika saa sita.

Gari lilipoingia, mama alikuwa kwenye kigoda, miguu peku, leso imefungwa juu ya sketi iliyochakaa, mikono na nyusi nyeupe kwa unga wa jiwe. Alisimama, akapangusa mikono kwenye leso, akaja mbele akitabasamu. Ni furaha ile ndiyo siwezi kuisahau. Alikuwa amewaambia majirani wote kwamba walimu wa binti yake wanakuja nyumbani kwake. Msimamizi wangu alimpa mkono, akanigeukia mimi.

"Na huyu mama ni nani?"

Nikasema, "Ni mama anayetusaidia hapa. Anatufagilia na kuangalia vyombo."

Mama anasikia Kiswahili vizuri. Amebishana bei na wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa miaka yote hii. Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kidogo, halina kazi, kisha likashuka. Aliinamisha kichwa.

"Karibuni, wageni," akasema. Kisha akanigeukia. "Karibu, mwalimu."

Ningeweza kurekebisha. Nafasi ilikuwepo, pana kabisa; ilikuwa ni kucheka tu na kusema, natania, huyu ndiye aliyenizaa. Badala yake niliongoza njia ya kwenda bandani. Mama akaingia jikoni, akatutengenezea chai, akaileta kwenye sinia pamoja na ndizi za kuchemsha, akatuwekea, kisha akasimama mlangoni. Hakuketi. Nyumbani kwake mwenyewe, hakuketi.

Msimamizi wangu alizunguka jiwe, akainama, akaligusa upande wa chini usio na nyaya. Akatazama kiganja chake.

"Mbona hili jiwe lina maji?"

Nilisema ni unyevu, Kisii hunyesha kila alasiri, paa la mabati, na kadhalika. Na kweli nilikuwa nimeona unyevu huo Ijumaa kadhaa nikadhani hivyo hivyo.

"Si mvua," alisema mama kutoka mlangoni. "Ni mimi namwagianga."

Sote tukageuka.

"Hii mawe ikitoka kwa shimo iko na maji ndani," alisema. "Ikikauka mbio inalia. Ikilia sana inapasuka. Sasa mimi asubuhi, ile maji ya msasa ilibaki kwa beseni namwagia yeye, hii upande haina waya. Kila siku. Tena sikanyagi chaki ya mwalimu, nasimama hapa nje ya laini."

"Kila siku?" msimamizi wangu akauliza.

"Kila siku. Sabato ndio simwagii. Sabato sifanyi kazi. Hiyo siku anakauka."

Watu watatu wenye shahada wakafanya hesabu. Jua la Jumamosi juu ya mabati, jiwe bila maji tangu Ijumaa, saa sita mchana linaanza kulia, Jumapili asubuhi mama anarudi na beseni lake, linanyamaza. Yule mhadhiri wa semina alianza kucheka taratibu, akakitazama kikombe chake cha chai, akaacha.

Mimi ndiye sikuweza kujizuia. Niliona miezi yangu yote ikimwagika kwenye ule udongo, na mtu wa kulaumu amesimama mbele yangu na leso.

"Nilikukataza mara ngapi kugusa hili jiwe?" nilimfokea, kwa Kiswahili, ili wasikie. "Wewe mama husikii? Nani alikutuma?"

Sijawahi kumfokea mama yangu kabla ya siku hiyo. Kwetu hilo halifanywi. Mtoto akifanya hivyo wazee huitwa. Lakini kwa siku hiyo hakuwa mama yangu. Alikuwa mfagiaji, na wafagiaji hufokewa.

"Nisamehe, mwalimu," akasema.

Msimamizi wangu aliweka kikombe chini. Alinitazama namna ambayo wanafunzi wangu hunitazama nikimwonea mmoja wao. Halafu akavuta kile kigoda, akaketi, na akamwomba mama aje amweleze. Walikaa pale karibu saa nzima. Mama aligonga jiwe kwa kifundo, mahali hapa, mahali pale, akasema hapa ni nzima, hapa kuna mshipa, hapa litapasuka likiachwa. Mhadhiri mmoja akasogeza vihisio viwili kwenye ule mshipa. Msimamizi aliandika. Alimuuliza jiwe hulia kwa siku ngapi, la rangi ipi hulia zaidi, ya waridi au nyeupe, na mama akajibu kila swali pole pole, kwa heshima. Mimi nilishika nyaya ambazo hazikuhitaji kushikwa.

"Nilikutuma upime kelele za jiwe," msimamizi wangu aliniambia mwishowe. "Umezipima. Hapa kuna tasnifu, ila si ile uliyoandika. Yeyote atakayetaka kusikiliza mbingu ndani ya jiwe kama hili atahitaji kwanza kujua anachokijua huyu mama." Akafungua ukurasa mpya. "Ni lazima umshukuru kwa jina kwenye kazi yako. Mama, unaitwa nani?"

Jina la mama, lile lililo kwenye kitambulisho chake, lile la ndoa, ndilo jina langu la mwisho. Msimamizi wangu alikuwa akiliandika kwenye fomu zangu kwa miaka miwili. Mama akisema tu neno hilo moja, kila kitu kingejulikana.

Mama alinitazama. Sikujua macho yangu yalisema nini, lakini yeye aliyasoma. Akamgeukia msimamizi akataja jina la kwao, la usichana wake, jina la baba yake mzazi. Sikuwahi kumsikia akilitumia hata siku moja. Alilitamka kwa shida kidogo, kwa sababu ya miaka mingi, na msimamizi akaliandika.

Wageni walipoondoka nilienda jikoni. Alikuwa anaosha vikombe. Nilisema, "Mama." Akasema maji ya kuoga yako tayari. Nilisema tena, "Mama, mimi..." Akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye, na akaniita mwalimu. Hakukuwa na ukali wowote ndani yake. Alilitamka kama mtu aliyeonyeshwa utaratibu mpya wa nyumba na akaukubali. Sikuomba msamaha siku hiyo. Nilikula.

Nilianza upya. Jiwe tulilivisha magunia, tukalilowanisha na kulikausha kwa mpango, huku mama akiniambia lini litaanza kulia, na mara nyingi akapata saa yenyewe. Faili ya Jumatano ya mazishi niliitoa kwenye ile folda. Ikawa ushahidi mzuri kuliko yote: kijiji kimya, jiwe limelowa kwa maji ya mama ya asubuhi, hakuna mlio. Kazi ilipita, na mhadhiri yule wa Sabato ndiye aliyeisifu zaidi. Miezi hiyo yote, kila tulipokuwa bandani, nilikuwa "mwalimu". Mwalimu, leta gunia. Mwalimu, linaanza. Nilingoja limtoke lile "magokoro" la zamani kwa bahati mbaya tu, hata akikanyaga msumari, nalo halikutoka.

Mwaka jana tasnifu ilipofungwa jalada gumu nilimpelekea nakala. Alinawa mikono, akaipangusa meza, akaiweka juu yake. Mama husoma Biblia yake ya Ekegusii kwa kufuatisha herufi kwa kidole, Kiingereza hakijui. Alinitaka nimwonyeshe mahali alipo. Nikafungua ukurasa wa shukrani.

Niliuandika ukurasa ule mara nane. Toleo la kwanza lilisema ukweli wote kwa mstari mmoja, na nilipolisoma niliuona uso wa msimamizi wangu akilisoma, akikumbuka lile neno "anatufagilia", akikumbuka nilivyofoka. Nikalifuta. Ukurasa uliochapishwa una jina la usichana wa mama, na mbele yake maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba ni mkazi wa eneo aliyetunza jiwe na kutoa maelezo ya manufaa.

Mama alilipata jina lake. Akapitisha juu yake kile kidole kisicho na alama, mara mbili. Kisha kidole kikasogea kwenye yale maneno yaliyofuata, kikasimama hapo.

"Na hapa," akauliza, "umeandika mimi ni nani wako?"

"Nimeandika wewe ni mama yangu," nikasema.

Akafuatisha herufi moja moja za lugha asiyoijua. Kisha akafunga kitabu kwa mikono miwili.

"Asante, mwalimu," akasema.